Mwamba Uliovunjika Ndio Wenye Mali

Msafiri atokaye Nzega kwenda Singida kwa motokaa huvuka kwanza mbuga tambarare ya Wembere, akapita Shelui, kisha ghafula nchi husimama mbele yake kama ukuta. Huo ndio Mlima Sekenke, ambao madereva wa malori wameuogopa kwa miaka mingi kwa sababu ya kona zake na mteremko wake. Wengi huutazama kuwa ni kikwazo cha njia tu. Lakini mwenye kujua kusoma miamba huona jambo jingine: huona nchi iliyopasuka, upande mmoja ukashuka na upande wa pili ukabaki juu. Na si mbali na hapo ndipo Wajerumani walipoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, katika mgodi unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu.

Dhahabu hiyo ina historia yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, majeshi ya Wajerumani yalikatiwa njia ya bahari, wakapungukiwa na fedha za kulipia mahitaji yao. Mwaka 1916 walichukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka Tabora, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000 kwa hesabu. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei kubwa. Jina la mfalme mmoja wala la mchimbaji mmoja halina haja ya kutushughulisha hapa. Swali letu ni hili: kwa nini dhahabu ilikuwa Sekenke, isiwe katika kila kilima cha Singida? Na kwa nini madini ya risasi na fedha yalionekana Mpanda, na zinki ikajaa Kipushi kule Kongo, wala si kinyume chake?

Ndugu wasomaji, swali hili si la wasomi peke yao. Maelfu ya wananchi wa Iramba, Mkalama, Ikungi na kwingineko wanashuka katika maduara kila asubuhi kutafuta riziki. Atakayelijua jibu atachimba kwa akili, na tena huenda akarudi nyumbani jioni. Asiyelijua atachimba kwa kubahatisha, na ardhi haina huruma kwa mwenye kubahatisha.

Miamba haikutulia

Tuanze na jambo ambalo macho yetu hayalioni. Jiwe kwetu ni mfano wa kitu kigumu kisichobadilika. Mtu mkaidi tunamwita jiwe. Lakini jiwe lililozikwa kilomita kumi chini ya ardhi, likapata joto kali na likakandamizwa na uzito wa milima iliyo juu yake, hufuata sheria nyingine. Likisukumwa polepole kwa muda wa miaka milioni nyingi, hukunjika kama unga uliokandwa. Likisukumwa kwa haraka, au likiwa karibu na uso wa nchi ambako ni baridi, halikunjiki bali huvunjika kama fimbo kavu.

Aina ya jiwe nayo ina maana. Tia ndani ya gunia moja vipande vya kuni kavu pamoja na udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha ukanyage gunia hilo. Udongo utajipinda na kujipenyeza, na kuni zitavunjika. Ndivyo ilivyo miamba. Jiwe gumu la kwatzi au la itale huvunjika na kuacha nyufa. Jiwe la tope lililoganda hujipinda na kuziba nafasi. Pale ambapo jiwe gumu na jiwe laini vimelala ubavu kwa ubavu, nguvu zikija huishia hapo katika mpaka wao, na mpaka huo huchanika. Kwa hiyo mtaalamu wa miamba akifika mahali huuliza kwanza mipaka iko wapi.

Mawe makubwa ya itale yanayoupamba mji wa Singida, kando ya maziwa Singidani na Kindai, ni sehemu ya kiini cha kale cha bara letu. Umri wake unapita miaka milioni 2,500. Katikati ya bahari hiyo ya itale vimebaki vipande virefu vya miamba ya kale zaidi, myeusi na ya kijani-kijani, ambayo mwanzo wake ulikuwa moto wa volkano na matope ya chini ya bahari. Kipande kimojawapo ni kile cha Iramba na Sekenke. Miamba hiyo ilibanwa, ikakunjwa na kukatwa kabla hata hapajakuwako mnyama wala mti duniani. Dhahabu ya Sekenke imo ndani ya mishipa ya kwatzi iliyojaza mikato hiyo ya kale.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja. Ukuta wa Mlima Sekenke tunaoupanda kwa motokaa si mkato ulioleta dhahabu. Ukuta huo ni kazi ya Bonde la Ufa, nao ni mtoto mdogo: umri wake ni miaka milioni chache tu. Mikato yenye dhahabu ilikwisha kufungwa zaidi ya miaka milioni elfu mbili kabla yake. Basi mchimbaji asidhani kwamba kila ufa mkubwa aonao ni njia ya mali. Ufa una umri, na umri wa ufa ndio unaosema kama maji yenye madini yaliupitia.

Maji ndiyo mchukuzi

Tumesema maji, na haya ndiyo moyo wa habari yetu. Dhahabu, risasi, zinki na fedha hazikuumbwa zikiwa zimerundikana. Zilikuwa zimetawanyika katika miamba kwa kiasi kidogo mno, chembe moja hapa na nyingine kule, kiasi ambacho hakuna awezaye kuzichimba kwa faida. Ili zikusanyike ilihitajiwa kuwepo mchukuzi wa kuzibeba, njia ya kupita, na mahali pa kutua mzigo. Mchukuzi ni maji ya moto. Njia ni mpasuko. Na mahali pa kutua mzigo ni pale mpasuko unapofunguka.

Watu wa Singida ni mabingwa wa alizeti, kwa hiyo mfano uko mlangoni mwao. Punje ya alizeti ina mafuta, lakini ukiishika mkononi huyaoni. Tia punje katika mashine ya kukamulia, uzibane kwa nguvu. Mafuta yatatoka, na yatafuata tundu lolote yatakalolikuta. Miamba iliyozikwa nayo ina maji, mengine ndani ya vinyweleo vyake na mengine yamefungwa ndani ya madini yenyewe. Nchi inapobanwa, milima inapoinuka, maji hayo hukamuliwa. Yakiwa na joto la nyuzi mia mbili au mia nne za Selsiasi huyeyusha chembe za madini, huku yakipanda kutafuta upenyo.

Lakini maji si ya namna moja. Yako maji yenye chumvi nyingi kupita ya bahari. Hayo hubeba risasi na zinki vizuri, pamoja na fedha, kwa sababu chumvi huyashika madini hayo na kuyaweka katika hali ya kuyeyuka. Yako na maji yasiyo na chumvi nyingi, yenye kibiriti na hewa ya kaboni. Hayo hubeba dhahabu vizuri, lakini risasi na zinki huziacha nyuma. Miamba ya kale ya Sekenke ilitoa maji ya namna ya pili, ndiyo maana Singida ikajulikana kwa dhahabu. Mahali palipokuwa na mabonde ya zamani yaliyojaa chumvi na mawe ya chokaa palitoa maji ya namna ya kwanza. Mfereji ni mmoja, ila kilichopita ndani yake ni tofauti. Sheria ya mikunjo na mipasuko ni ile ile, iwe kwa dhahabu, iwe kwa zinki, iwe kwa risasi au fedha.

Jaribio la kiazi na gazeti

Tufanye jaribio ambalo halihitaji maabara. Chukua kiazi kitamu, ukikate vipande viwili kwa urefu, lakini mkato usinyooke: uwe na kona moja katikati. Shika vipande vyote viwili pamoja, kisha sukuma kimoja mbele na kingine nyuma. Katika sehemu zilizonyooka vipande vitaendelea kugusana. Pale penye kona, ukisukuma kwa upande mmoja, patafunguka nafasi. Ukisukuma kwa upande wa pili, vipande vitabanana zaidi. Nafasi ile iliyofunguka ndiyo hazina. Mpasuko wa nchi nao haunyooki kama kamba ya fundi. Hupinda, huruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hugawanyika kama uma. Maji hukimbilia pale palipofunguka na kuacha mzigo wao hapo. Kwa hiyo katika mshipa mmoja wa kilomita nzima, mali inaweza kuwa katika mita hamsini tu, na zilizobaki zikawa jiwe tupu.

Sasa chukua gazeti hili hili unalolisoma. Shikilia kingo zake mbili, ukalikunje polepole kama mgongo wa ng'ombe. Utaona kurasa zikiteleza moja juu ya nyingine, na pale juu ya mgongo zinaachana kidogo. Miamba yenye matabaka hufanya vivyo hivyo. Nafasi za juu ya mkunjo hujaa kwatzi na madini, na matabaka yaliyoteleza hugeuka njia za maji. Mchimbaji akikuta madini mazito juu ya mgongo wa mkunjo, ajue kwamba atakaposhuka ubavuni huenda yakawa membamba kama uzi, na huenda yakajitokeza tena katika mgongo mwingine mbele yake.

Na kwa nini maji yatue mzigo ghafula? Kwa sababu ya matetemeko. Maji yaliyofungiwa chini ya tabaka gumu hujaza nguvu kama mvuke katika sufuria iliyofunikwa. Siku moja mwamba unashindwa, unapasuka, nchi inatetemeka. Nguvu ya maji inashuka mara moja, na madini yaliyokuwa yameyeyuka huanguka na kuganda kuwa kwatzi, dhahabu au galena. Mpasuko huzibika tena. Nguvu hukusanyika upya, mwamba hupasuka upya. Ukiona mshipa wa kwatzi wenye michirizi mingi, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, umeona daftari la matetemeko yaliyopita, mstari baada ya mstari.

Kutoka Mpanda hadi Kipushi

Nchini mwetu mfano mkubwa wa risasi na fedha uko Mpanda, ambayo leo ni makao ya Mkoa wa Katavi. Miamba ya huko ni ya ukanda wa Ubende, uliobanwa na kukatwa kiasi cha miaka milioni 2,000 iliyopita pembeni mwa kiini cha kale tulichokitaja. Katika mikato yake yalikuwamo madini ya galena, yaani risasi iliyoungana na kibiriti, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba katika mgodi wa Mukwamba. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1950. Kufikia 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Reli ilibaki, na mji ukabaki. Wengi wapandao treni hiyo leo hawajui kwamba njia yao ilitandazwa kwa sababu ya ufa wa kale katika mwamba.

Kwa jirani zetu wa Kenya, huko Kinangoni nyuma ya pwani, galena yenye fedha pamoja na bariti ilikaa katika mpasuko uliokata mawe ya mchanga. Kule Kongo, karibu na Lubumbashi, uko mgodi wa Kipushi. Huo ulianza mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukaanza kutoa mazao tena mwaka 2024. Madini yake ya zinki, shaba, risasi na fedha yamefuata mpasuko mmoja mkubwa ulio ubavuni mwa mkunjo, mahali ambapo jiwe la dolomiti limekutana na mawe mengine. Mpasuko huo umeshuka na mali yake zaidi ya mita 1,000, na sehemu yake moja ina zinki inayozidi asilimia 30. Hicho ni kiasi ambacho migodi mingi ya dunia haikioni hata katika ndoto. Dolomiti nayo ilifanya kazi yake: maji ya moto yaliila kama maji yalavyo sukari, yakajitengenezea nafasi, na nafasi ile yakaijaza kwa madini.

Ng'ambo ya bahari, wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya Mount Isa nchini Australia, ambako John Campbell Miles aligundua madini mwaka 1923. Mawe yake ya tope lililoganda yana umri wa kiasi cha miaka milioni 1,650, na ndani yake zinki, risasi na fedha zimelala katika matabaka membamba. Wengine husema madini hayo yalitua chini ya bahari wakati ule ule matope yalipokuwa yakitua. Wengine husema yaliingia baadaye, miamba ilipokuwa ikikunjwa. Lakini kila upande unakubali jambo moja: sura ambayo madini hayo yanayo leo, mahali yaliponenepa na mahali yalipokonda, imefinyangwa na mikunjo. Kwa mchimbaji hilo ndilo lenye maana, kwa kuwa yeye hachimbi historia ya madini, anachimba mahali yalipo.

Broken Hill, pia katika Australia, inatufundisha zaidi. Charles Rasp aliyatambua madini ya mahali hapo mwaka 1883. Miamba yake ilipikwa kwa joto kali mno na kukunjwa zaidi ya mara moja. Galena ni laini kuliko madini mengi. Ikipata joto na kubanwa, hutiririka kama nta ya mzinga uliowekwa juani. Basi ilikimbia kutoka mabavuni mwa mikunjo, ambako ilibanwa, ikakusanyika katika migongo, ambako palikuwa na nafasi. Madini yakaweza kuwa manene mara nyingi kuliko yalivyokuwa mwanzo. Yaani kubanwa kulikozifukuza mali mahali pamoja ndiko kulikozikusanya mahali pengine.

Penye urembo ndipo penye urimbo

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Mwamba wenye mali ni mwamba uliovunjika. Mwamba uliovunjika haujishiki. Mchimbaji anayefuata mshipa anafuata mahali padhaifu kuliko pote katika nchi ile, na kila mita anayoshuka anaingia ndani zaidi ya udhaifu huo. Kuta za mkato wa kale mara nyingi zimepakwa udongo laini uliosagwa na miamba ilipokuwa ikisuguana. Udongo huo ukiwa mkavu unasimama. Mvua ikinyesha, maji yakashuka kwa njia zile zile ambazo zamani yalipanda, udongo unateleza kama sabuni, na ukuta mzima unaachia.

Tumeyaona matokeo yake. Mwezi wa Januari 2024, katika Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka baada ya mvua kubwa, ukaua watu zaidi ya 20. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Wilaya ya Kahama, wanaume watano walitolewa chini ya ardhi wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu. Taifa lilifurahi kwa ajili yao, nayo ni haki. Lakini furaha ya wale watano isitusahaulishe kwamba mwamba uliowafungia haukufanya jambo la ajabu. Ulifanya yale ambayo mwamba uliovunjika hufanya siku zote.

Kuna na adui wa pili ambaye haporomoki wala hatoi sauti. Katika mishipa mingi ya dhahabu duniani galena huwamo pia, kwa kuwa mpasuko ulioruhusu maji ya kwanza kupita uliweza kuruhusu na ya pili. Galena ina vumbi la risasi, na risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Mwaka 2010 katika Jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, wananchi walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu vijijini mwao, wengine katika nyua za nyumba zao. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wasiopungua 400 walikufa kabla watu hawajajua kilichowaua. Kule Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake bado linakutwa katika damu ya watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye.

Hatusemi kwamba mawe ya Singida ni kama ya Zamfara. Tunasema kwamba mchimbaji hawezi kuijua sumu kwa macho, na kwamba jiwe lenye chembe nzito za rangi ya kijivu zing'aazo kama chuma kipya, zikipasuka katika umbo la mchemraba, si jiwe la kupelekwa nyumbani kusagwa. Karasha isiwekwe karibu na mahali wanapolala watoto wala karibu na kisima. Nguo za kazi zisiingie chumbani. Zebaki nayo isichomwe jikoni. Haya hayahitaji fedha nyingi; yanahitaji ujuzi na ukaidi wa kukataa mazoea.

Elimu isikae kabatini

Mwaka 2023 mgodi mkubwa wa kampuni ulianza kutoa dhahabu huko Mang'onyi, Wilaya ya Ikungi. Kabla ya kuchimba, kampuni za namna hiyo hutoboa mashimo membamba mengi kwa miaka, hupima kila kipande cha jiwe, huchora mikato na mikunjo yote, hata wakajua mali inapinda wapi na inaishia wapi. Mchimbaji mdogo wa jirani ana nyundo, kamba na tochi. Mshipa ukikatwa na mpasuko mdogo na kusogezwa mita tano upande wa kulia, mtaalamu wa kampuni atatazama alama za msuguano ukutani, ajue upande uliohamia, na kuufuata. Mchimbaji mdogo ataliacha duara akidhani mali imekwisha, au atakwenda kwa mganga kuuliza. Mganga hajui lolote juu ya mpasuko. Atachukua fedha zake, na mara nyingine atamwagiza mambo ambayo yameliletea taifa letu aibu na msiba.

Tofauti iliyopo kati ya wawili hao si ya nguvu wala ya bidii, kwa maana hakuna anayeshinda mchimbaji mdogo kwa bidii. Ni tofauti ya elimu. Na elimu hiyo ipo. Idara ya kuchunguza miamba ilianzishwa Dodoma mwaka 1925, na mrithi wake ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo makao yake yako Dodoma hata leo. Ramani za nchi yetu zimechorwa kipande kwa kipande. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha wataalamu wa miamba tangu miaka ya 1970. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka leseni ndogo za uchimbaji kwa ajili ya raia wa nchi hii peke yao, na tangu 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani ili mchimbaji auze mali yake mahali penye mizani ya haki.

Basi mchimbaji amepewa leseni na amepewa soko. Kilichobaki kati ya leseni na soko ni mwamba wenyewe, na juu ya mwamba hajapewa maneno ya kutosha katika lugha anayoijua. Ramani nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa maneno ambayo hata mwalimu wa sekondari hutafuta kamusi. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili sahihi, zikatundikwa katika ofisi za madini za mikoa na wilaya, Kiomboi na Ikungi pia, na mtaalamu kijana akapewa wajibu wa kushuka katika maduara mara kwa mara ili asome kuta pamoja na wachimbaji, faida itaonekana mapema. Watu wataacha kuchimba mahali patupu. Watajua ukuta upi uwekewe matimba kabla ya kusogea hata mita moja, na masika yakianza watajua ni duara lipi lifungwe kwanza.

Wachimbaji nao wana wajibu wao. Kila kikundi kiwe na daftari. Waandike mshipa unaelekea upande gani, unalala kwa mteremko gani, umenenepa wapi, umekonda wapi, umekatwa na nini. Dira ya bei ndogo na kamba yenye mafundo vinatosha. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno ya waganga kumi, kwa sababu mikunjo na mipasuko hujirudia: iliyoonekana katika duara hili itaonekana katika duara la jirani. Anayeficha alichokiona ili mwenzake asinufaike, kesho atafichwa yeye, na wote wawili watachimba gizani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Dhahabu iliyofuliwa sarafu za Tabora, risasi iliyotandaziwa reli ya Mpanda na zinki ya Kipushi, kila moja iliundwa kwa nchi kubanwa, kupasuka, kuzibika na kupasuka tena kwa zamani zisizohesabika. Mwamba umekwisha kufanya sehemu yake. Masika hayako mbali, na maduara ya Singida yatalowa kama ya mahali pengine popote. Wenye matimba wayasimamishe sasa, na wenye ramani wazitoe makabatini.